Chini ya Bawa: Dakota ya Plastiki na Ndege ya Mkonge ya Dakawa

Ndege ya Dakota ya plastiki ya kipimo cha 1:72 ina mabawa ya sentimita 40 hivi, na anayeijenga huanza na kazi ambayo hakuna atakayeiona. Anapaka rangi viti vya marubani. Anachukua brashi yenye nywele chache, anabana pumzi, anatia nukta nyeupe kwenye saa za dashibodi, moja baada ya nyingine. Kisha anaunganisha kwa gundi nusu mbili za kiwiliwili, na viti na saa zile zinafungiwa gizani. Vidirisha vya mbele ni vidogo mno. Hata ukimulika tochi unaambulia vivuli. Ukimuuliza kwa nini alijisumbua, atakujibu kwamba yeye anajua vipo.

Jibu hilo nalichukulia kwa uzito, maana ndilo linaloeleza utamaduni mzima wa ujenzi wa mifano ya ndege kama ulivyokulia Uingereza na baadaye Marekani na Japani. Kampuni ya Frog ya Uingereza ilianza kuuza ndege za plastiki za kuunga mwenyewe mwaka 1936. Airfix ikafuata baada ya vita na kuifanya kazi hiyo kuwa mchezo wa kila mtoto mwenye vijisenti vya Jumamosi. Kipimo cha 1:72 kinatokana na hesabu ya Kiingereza: futi 6 zinakuwa inchi 1, kwa hiyo mtu mrefu anakuwa na urefu wa kidole gumba. Mjenzi wa namna hii anaitazama ndege kwa jicho la mchora ramani wa kiwandani. Anaona ndani na nje, juu na chini, kwa wakati mmoja. Ndiyo maana hawezi kuviacha vile viti.

Sasa tuje Dakawa, wilayani Mvomero, pale barabara ya Morogoro kwenda Dodoma inapoukaribia mto Wami. Ukiondoa watu wanaopakumbuka kwa sababu ya kambi ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, wengi wanapajua kwa mpunga. Na penye mpunga pana kwelea kwelea. Kundi la ndege hao likitua shambani nafaka zikiwa bado zina maziwa, mwenye shamba anaweza kubaki na mabua matupu. Kwa hiyo mpunga huamiwa: watu hushinda shambani tangu alfajiri hadi jua kuzama, wakipiga makopo, wakivuta kamba zilizofungwa mabati, wakirusha mawe kwa kombeo. Wengi wa waamiaji ni watoto. Walimu wangependa wawe darasani, na wana haki, lakini ndivyo ilivyo.

Mtoto anayeamia hutazama juu siku nzima, hana kazi nyingine. Na mkononi ana kila kitu cha kuundia: mabua, makopo, waya, kamba, kandambili iliyokatika. Makundi ya kwelea yakizidi nguvu za makopo, serikali huleta ndege ya kunyunyizia dawa. Kwa miaka mingi kazi hiyo katika ukanda huu imefanywa na Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, na kati ya ndege zilizolitumikia ni Beaver ya Kanada. Beaver iliruka mara ya kwanza mwaka 1947: injini moja ya nguvu za farasi 450, bawa juu ya kichwa cha rubani, milango mipana ya kuingizia mapipa. Ni ndege ya mizigo ya porini hasa, na kizazi kizima cha wakulima wa Afrika Mashariki kiliijua kwa mngurumo kabla ya kuiona.

Ndege ya mtoto niliyoishika Dakawa ilikuwa ya kipande cha mlingoti wa mkonge, ule mti mwepesi unaochipuka katikati ya mkonge unapozeeka. Kisu kinaupita kama siagi na ukikauka haulemei mkono. Bawa lilikuwa bati la kopo la mafuta ya kupikia, lililonyooshwa kwa jiwe na kupigiliwa juu ya mgongo. Mbele kulikuwa na pangaboi la bati lililosokotwa kidogo, likashikwa na msumari, na kati ya msumari na bati kikawekwa kisoda kilichotobolewa ili lizunguke bila kukwama. Magurudumu ni kandambili iliyokatwa duara. Dirisha hapana. Mlango hapana. Rubani hakuwapo wala mahali pa kumweka.

Lakini nilipoigeuza nikakuta kazi imefanyika huko. Chini ya bawa, toka ncha hadi ncha, ulipita waya mmoja ulioshikwa kwa vipande vya waya mwembamba, na kwenye waya huo vilining'inia vifundo vidogo vilivyoachiana nafasi sawasawa: mabomba ya dawa. Chini ya bawa la kushoto ziliandikwa kwa mkaa 5Y, alama ya usajili wa Kenya, zikifuatiwa na herufi tatu ambazo bila shaka ni za jina la mwenyewe. Na ni bawa lenyewe hasa: kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka ndege iandikwe usajili wake chini ya bawa la kushoto. Juu ya bawa hapakuwa na kitu ila maandishi ya kopo, picha ya alizeti na yote.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba ndege za watoto wetu ni za kubahatisha, na zile za plastiki ndizo za kweli. Ndege ya Dakawa ina ukweli wa hali ya juu kwa upande uliotazamwa. Mtoto hajawahi kuiona migongo ya ndege. Hajaona dashibodi. Alichokiona ni tumbo na bawa likimpita juu ya kichwa kwa sekunde chache, na amelinukuu tumbo hilo mpaka nafasi kati ya bomba na bomba.

Jamaa yake wa karibu, ajabu, simpati kwenye sanduku la Airfix. Nampata katika shule za Marekani mwaka 1942. Mwaka huo Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo liliwaomba wanafunzi wachonge mifano ya mbao nusu milioni: aina 50 za ndege, kila aina mifano 10,000, kwa kipimo kilekile cha 1:72. Yote ilipakwa rangi nyeusi. Hakuna vioo, hakuna alama, hakuna viti. Ilikuwa ya kufundishia wapiga mizinga na walinzi wa anga kutambua ndege ya rafiki na ya adui, na ndege ikiwa juu dhidi ya mwanga ni kivuli tu. Mfano huo ukiwekwa mita 10 kutoka kwenye jicho ni sawa na ndege ya kweli iliyo mita 720. Mtoto wa Ohio na mtoto wa Dakawa hawakufundishwa na mwalimu mmoja, ila wote wawili walipewa kazi ya kulinda kitu kilicho chini kwa kutazama kilicho juu, na mikono yao ikachagua kilekile cha kuacha.

Ukisogea Teshie, kando ya Accra, unakutana na mtu mwingine aliyetazama kutoka chini. Seremala Seth Kane Kwei, kama familia yake inavyosimulia, alikuwa na bibi aliyeishi karibu na uwanja wa ndege na aliyependa mno kuzitazama zikipita, asipande hata moja. Alipofariki, mnamo 1951, mjukuu alimchongea jeneza la ndege. Utamaduni huo wa Waga, watu wa eneo hilo, umekua tangu hapo. Mwaka 1989 majeneza ya karakana hiyo yalionyeshwa Paris katika maonyesho ya Magiciens de la terre. Kinachonishangaza ni umaliziaji. Mbao hupigwa msasa hadi zikateleza, hupakwa rangi inayong'aa, madirisha huchorwa moja moja, halafu kazi yote inaonekana kwa muda wa msafara wa mazishi na kufukiwa. Mjenzi wa Dakota alificha viti akajifariji kwamba vipo. Fundi wa Teshie anaficha ndege nzima. Tofauti ni kwamba huyu amemweka abiria ndani.

Pwani yetu ina njia yake, na kwa ufundi mtupu ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Lamu watoto hushindanisha vidau vya matanga, na kidau hukaguliwa kwa swali moja: kinakwenda? Kikilala upande kinarudishwa kwenye kisu. Anayekiunda ana baba au mjomba anayeunda vyombo vya kweli, na fundi huyo hatumii ramani. Anaweka mkuku, anapandisha mbao, ndipo anatia mataruma, akipima kwa jicho na kamba. Chombo kidogo kinafuata mwendo uleule wa mikono. Hapa mfano haunukuu umbo. Unanukuu utaratibu wa kazi. Ndiyo maana uliweza kubeba kumbukumbu pale chombo chenyewe kilipokufa. Mtepe, ule uliokuwa ukishonwa kwa kamba za nazi bila msumari na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na mifano midogo kama uliopo Makumbusho ya Lamu ikawa miongoni mwa mashahidi wachache waliobaki. Mtepe wa ukubwa kamili, Shungwaya, ulijengwa upya mwaka 2003 na kuwekwa Beit el Ajaib, Zanzibar.

Dakawa hakuna mtoto mwenye mjomba anayeunda ndege. Umbali huo si kasoro ya kuombewa radhi. Ndio uliozaa namna yake ya kuona.

Tuingie kwenye umaliziaji wa Dakota, kwa sababu ndipo mambo yanapogeuka. Hatua za mwanzo angezitambua fundi rangi yeyote wa gereji za Msamvu, Morogoro: puti kwenye maungio, msasa mkavu, msasa wa maji, praima, kukagua chini ya taa, kurudia. Rangi ya fedha ya Dakota haina huruma. Alama ya kidole, mkwaruzo wa msasa, uvimbe wa gundi, vyote hujitokeza mara inapokauka, na mtu huanza upya. Kisha vinafuata vibandiko vya kuloweka majini: mistari ya shirika, usajili, nembo. Mpaka hapo fundi wa Msamvu anaafiki. Hatua ya mwisho ndiyo ingemfanya aweke chini bomba la rangi. Baada ya kuing'arisha ndege, mjenzi anaichafua. Anapitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa kwenye mistari ya mabati, anapuliza masizi nyuma ya injini, anakwangua rangi kwenye kizingiti cha mlango wa mizigo, pale ambapo magunia na mapipa yamekuwa yakigonga.

Uchafu huo unahitaji tarehe. Huwezi kuchafua Dakota kwa jumla. Lazima ujue ni ipi, ya nani, mwaka gani. Ukitaka ya East African Airways, lililoanza kazi mwaka 1946 na kusambaratika 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo, utajikuta umepekua picha za kale usiku kucha. Mojawapo ya Dakota za shirika hilo iligonga Mawenzi, Kilimanjaro, tarehe 18 Mei 1955, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Mtu akiijenga hiyo, anaijenga katika siku fulani kabla ya hapo, masizi yakiwa kiasi fulani, na anaisimamisha hapo. Ni madai makubwa kwa kitu cha plastiki.

Ndege ya Dakawa haina tarehe. Haichafuliwi, huchafuka. Pangaboi linazunguka mradi mtoto anakimbia tutani, ameiinua juu ya kichwa ili mwenyewe alione tumbo lake, na bawa likichanika linapigiliwa jingine la kopo jingine. Sisemi haya kuusifu ufukara. Mtoto yule akipewa sanduku la plastiki atalipokea kwa mikono miwili, na pengine atalijenga vizuri kuliko wengi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba lake ni sanduku lililokosekana. Tazama zile ndege za makopo ya soda zinazouzwa kwenye maduka ya zawadi za watalii: zina madirisha, zina kioo cha rubani, na chini ya bawa hakuna kitu. Zimetazamwa na mnunuzi aliyezikuta juu ya rafu.

Na wajenzi wa plastiki nao wamelihisi pengo hilo. Wapo wanaosimamisha ndege yao juu ya kioo cha kujitazamia, ili anayepita aone tumbo, magurudumu na yale maandishi ya chini ya bawa yaliyowagharimu jioni nzima. Wanatumia kioo kupata jicho ambalo mwamiaji wa mpunga amepewa bure.

Siku hizi droni zimeanza kutumika kunyunyizia kwelea kwelea. Zinapanda kutoka kwenye tuta, zinarudi kwenye tuta, na anayeziendesha amesimama hapohapo karibu na watoto, macho kwenye kioo, vidole gumba vikicheza. Kwa mara ya kwanza rubani yuko chini, mbele yao, anaonekana toka kofia hadi viatu. Mtoto atakayeiiga droni kwa visoda vinne na vijiti vilivyopishana hataishia hapo: atahitaji pia kipande cha ubao chenye misumari miwili ya kubonyeza, na mwenzake wa kukishika.