Bluebird K7: boti iliyozama 1967 ikafufuliwa na mafundi wa kujitolea

Leo naweka tarakilishi kando kidogo nizungumzie boti. Usiondoke! Ukifika mwisho utaona kwamba ni habari yetu sisi tunaoandika programu, na hasa sisi tunaoshika kazi iliyoachwa na wengine.

Boti yenyewe inaitwa Bluebird K7. Iliundwa Uingereza katikati ya miaka ya 1950, ikiwa na injini ya jeti kama ndege. Ilivunja rekodi ya dunia ya kasi majini mara saba. Mwaka 1967 ikamuua mwenyewe, ikalala matopeni chini ya ziwa kwa miaka 34, kisha ikatolewa na kukarabatiwa na watu ambao wengi wao walikuwa wakijitolea tu. Mwaka 2018 ikakimbia tena. Halafu ukazuka ugomvi: boti ni ya nani? Ugomvi huo ndio ulionifanya niandike makala haya.

Lakini tuanze mwanzo, kwa baba na mwana.

Sir Malcolm Campbell alikuwa bingwa wa kasi, kwa magari na kwa boti pia. Mwaka 1939, katika ziwa Coniston kule kaskazini-magharibi mwa Uingereza, aliendesha boti yake Blue Bird K4 kwa maili 141.74 kwa saa, yaani karibu kilomita 228. Alifariki siku ya mwisho ya mwaka 1948. Mwanawe Donald alitaka kuendeleza kazi ya baba, na hakuanza na boti mpya. Alianza na ile kuukuu. Baba alikuwa ameitia injini ya jeti, jaribio ambalo halikufanikiwa. Donald, akisaidiwa na Leo Villa, fundi aliyekuwa amemtumikia baba kwa miaka mingi, aliirudishia injini ya zamani aina ya Rolls-Royce na kuanza kuifukuzia rekodi. Kwa hivyo hadithi yetu ya ukarabati inaanza na ukarabati mwingine!

Mambo hayakumwendea vizuri. Mwaka 1950 Mmarekani Stanley Sayres alichukua rekodi kwa boti yake Slo-Mo-Shun IV, kwa maili 160 kwa saa. Mwaka 1951 ile K4 ikapasuka ikiwa mbioni pale Coniston, ikazama. Donald alinusurika. Mwaka uliofuata, Mwingereza mwingine, John Cobb, alifariki katika ziwa Loch Ness, Scotland, boti yake ya jeti iliposambaratika. Ilionekana wazi kwamba boti ya mbao ya zamani haiwezi kustahimili kasi ya namna hiyo. Ilibidi mtu akae chini na kuchora upya.

Waliochora ni ndugu wawili wahandisi, Ken na Lew Norris. Walitengeneza fremu ya mabomba ya chuma, wakaivika mabati ya alumini yaliyoshikwa kwa ribiti, na ndani wakaweka injini ya jeti. Umbo lake lilikuwa la ajabu: mbele kulia na kushoto kulikuwa na maboya mawili yaliyotokeza kama mikono, na mwendeshaji alikaa katikati yake. Boti ikisimama, inaelea kama boti nyingine yoyote. Ikishika kasi, inainuka na kugusa maji katika sehemu tatu ndogo tu: chini ya kila boya, na kule nyuma. Maji huvuta na hewa haivuti sana, kwa hivyo ukipunguza kugusa maji unaongeza kasi.

Hatari yake nayo imo humo humo. Kitu kinachokaribia kupaa kinaweza kupaa kweli. Pua ikiinuka kupita kiasi, hewa inaingia chini ya boti na kuisukuma juu, na hapo mwendeshaji hana la kufanya.

Tarehe 23 Julai 1955, katika ziwa Ullswater, Donald alifikisha maili 202.32 kwa saa, karibu kilomita 326. Aliendelea kuongeza kidogo kidogo: Lake Mead kule Marekani mwaka huo huo wa 1955, kisha Coniston mwaka 1956, 1957, 1958 na 1959. Rekodi ya saba aliipata katika ziwa Dumbleyung, Australia, tarehe 31 Desemba 1964: maili 276.33, yaani karibu kilomita 445 kwa saa. Mwaka huo huo alikuwa amechukua pia rekodi ya nchi kavu, maili 403.10 kwa saa. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzichukua zote mbili katika mwaka mmoja.

Hapo wengi wangetosheka. Yeye alitaka maili 300. Mwaka 1966 aliing'oa ile injini ya kwanza na kutia nyingine yenye nguvu zaidi, aina ya Orpheus, iliyotumika katika ndege ndogo za kivita za Gnat. Fikiria: boti ya miaka kumi na moja, fremu ile ile, imebebeshwa injini mpya. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hiyo vizuri.

Ngoja nieleze sheria, maana ndiyo yenye ufunguo wa mkasa. Rekodi haipatikani kwa kupita mara moja. Inapimwa kilomita moja, unaipita ukienda na unaipita ukirudi, yote ndani ya saa moja, kisha unachukuliwa wastani. Asubuhi ya tarehe 4 Januari 1967, pale Coniston, Donald alipita mara ya kwanza kwa maili 297.6. Kwa kawaida boti ingejazwa mafuta na mawimbi yake yenyewe yangeachwa yatulie. Safari hii hakusubiri. Aligeuza akarudi mara moja. Kasi ikafika maili 328 kwa saa, karibu kilomita 528. Halafu pua ikainuka, boti ikaondoka majini, ikapinduka hewani na kupiga maji. Wataalamu wamebishana sana juu ya chanzo: mawimbi ya safari ya kwanza, tangi lililokwisha kupungua uzito, au injini iliyopoteza nguvu. Yawezekana ni vyote kwa pamoja. Donald alikuwa na miaka 45. Mwanasesere wake wa bahati, dubu mdogo aliyeitwa Mr Whoppit, alipatikana akielea. Wazamiaji wa jeshi la wanamaji waliipata boti, lakini mwili wa Donald hawakuuona. Boti ikaachwa pale pale, kama mita 45 chini.

Miaka ikapita. Mwaka 1995 bendi ya Marillion ilitoa wimbo kuhusu Campbell, na mmoja wa waliousikia ni Bill Smith, mhandisi na mzamiaji. Wimbo huo ulimtia hamu ya kuitafuta boti! Alitafuta kwa miaka kadhaa, na tarehe 8 Machi 2001 kiwiliwili cha boti kikavutwa hadi ufuoni. Rangi ya buluu ilikuwa bado inaonekana. Aliyewahi kuona chuma kilichozama baharini pale Mombasa atashangaa, lakini maji ya Coniston ni baridi na hayana chumvi. Mwezi Mei mwaka huo mwili wa Donald ulipatikana pia, na tarehe 12 Septemba 2001 akazikwa katika kijiji cha Coniston.

Sasa swali likawa: boti ifanywe nini?

Mfuko wa taifa unaogharamia mambo ya urithi kwa pesa za bahati nasibu ulikataa kugharamia ukarabati. Hoja yao ilikuwa kwamba mabaki yale, jinsi yalivyopondeka, ndiyo historia yenyewe. Ukinyoosha bati lililopindwa na ajali, umefuta ushahidi wa ajali. Ni hoja nzito, nami nakiri kwamba niliposoma mara ya kwanza nilikubaliana nayo. Ni kama mtu akuletee diski iliyoharibika yenye data ya pekee: kitu cha kwanza ni kutoigusa.

Lakini upande wa pili nao una hoja. Boti hii iliishi miaka kumi na miwili, na ajali yake ilichukua sekunde chache. Je, tuihifadhi kwa ajili ya zile sekunde, au kwa ajili ya ile miaka? Binti yake Donald, Gina Campbell, aliiunga mkono kazi ya ukarabati, na mwezi Desemba 2006 familia iliikabidhi boti kwa Makavazi ya Ruskin, ambayo yako hapo hapo Coniston. Makavazi yakajenga sehemu mpya ya kuiweka.

Kazi ilifanyika katika karakana ya Smith mjini North Shields. Na hapa ndipo ninapovua kofia. Njia rahisi ilikuwa kutengeneza boti mpya kwa michoro na kuipaka rangi ya buluu. Wao walichagua njia ngumu: kila kipande cha zamani kinachoweza kuokolewa kiokolewe. Ribiti zilitobolewa kwa drili moja moja, mabati yaliyokunjamana kama karatasi yakavuliwa, yakasafishwa, yakapashwa moto na kunyooshwa kwa nyundo, kisha yakarudishwa mahali pake kwa ribiti mpya. Umewahi kukaa na fundi wa jua kali anayenyoosha mabati ya matatu baada ya ajali? Ni kazi hiyo hiyo, ila hapa bati likiharibika huwezi kwenda dukani kununua lingine. Sehemu ya mbele, ambayo ajali iliivunja kabisa, ilibidi itengenezwe upya kwa kiasi kikubwa. Injini ikawekwa nyingine ya aina ile ile ya Orpheus. Wengi walikuja jioni na wikendi, bila malipo, kwa miaka zaidi ya kumi. Makampuni nayo yakatoa vifaa.

Mwezi Agosti 2018 boti ilipelekwa Loch Fad, katika kisiwa cha Bute, Scotland. Ikawashwa, ikainuka juu ya maji, ikafika kama maili 150 kwa saa. Miaka 51 baada ya ajali! Naamini hakuna aliyekuwa ufuoni siku hiyo aliyeuliza kama bati fulani ni la 1955 au la juzi.

Lakini swali hilo likaja baadaye, tena kwa ukali. Makavazi yalisema: boti tulikabidhiwa 2006, yote ni yetu, irudi nyumbani. Smith akasema: sehemu zilizotengenezwa upya ni kazi ya mikono yetu, kwa hivyo nasi tuna haki ndani yake. Tena alitaka boti iwe ikiendeshwa, si kukaa ndani tu. Mabishano yakaendelea miaka mingi, hadi mwaka 2023 yakafika kwa mawakili na mahakama. Mwishowe Smith aliliachia dai lake, na tarehe 9 Machi 2024 Bluebird K7 ikarudi Coniston.

Sitaki kuhukumu nani alikosea. Nakumbuka tu kwamba nami niliwahi kuandikia chama kimoja cha akiba programu ya kuweka hesabu, Jumamosi baada ya Jumamosi, bure. Nilipotaka kulipa kundi lingine ile sehemu ya kukokotoa riba, niliambiwa ni mali ya chama. Mimi niliona ni yangu, maana nimeiandika. Wao waliona ni yao, maana ilikuwa kwenye tarakilishi yao na ilijaa data yao. Hatukuwa na karatasi hata moja. Urafiki ulikwisha, na sijui kama programu bado inatumika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wanaoandika programu huria walilijua hili mapema, ndiyo maana kila mradi wa maana una leseni yake: nani anaweza kutumia, nani anaweza kubadilisha, na aliyeongeza kipande ana haki gani. Wengi wetu tunaiona leseni kama faili la kuchosha ambalo hakuna anayelisoma. Baada ya kusoma habari za K7 naliona kwa jicho jingine. Boti na programu kuukuu ni sawa katika hili: ukishaikarabati vya kutosha, mkono wa zamani na mkono mpya vinashikana kwa ribiti, na huwezi kuvitenganisha bila kuivunja tena.

Kwa hivyo ukiombwa kufufua kitu cha watu, iwe ni boti ya babu, redio au programu, nenda. Dunia inahitaji watu wa kujitolea. Ila kabla ya kushika nyundo, kaeni chini mwandike mambo mawili: kipi kitabaki kama kilivyo, na kitakachoongezwa kitakuwa cha nani. Andikeni siku ya kwanza, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Hadi wakati mwingine, kwaherini.