Msitu wa Ngezi na Njia Zake

Msitu wa Ngezi, ulioko kaskazini-magharibi mwa Pemba karibu na Konde, ndio mabaki makubwa ya misitu iliyoenea upande wa magharibi wa kisiwa hicho kabla ya kupandwa mikarafuu. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja lakini haikuidhuru sana Pemba, ambako wenye mashamba walizidi kufyeka misitu na kupanda mikarafuu kwa nguvu za watumwa, jambo ambalo husahaulika kila karafuu inaposifiwa. Ngezi, ambayo sehemu yake kubwa ni mchanga usio na rutuba, haikuwafaa sana wakulima hao. Waliovutiwa nayo ni wapasua mbao, walioitafuta mivule yake hadi zama za ukoloni, na katika miaka ya 1950 ndipo ilipotengwa kuwa hifadhi.

Matembezi ya kuongozwa, yaani mgeni kupitishwa msituni na mtu anayeijua miti na wanyama wake, ni desturi changa. Njia ni fupi na tambarare, na kinachoonyeshwa humo ni cha thamani kuliko urefu wake: mpapindi, mti wa jamii ya mitende unaoota Pemba tu kiasili, na popo wa Pemba, mla matunda aliyewindwa kwa ajili ya nyama hadi wanavijiji, hasa wa Kidike, walipoanza kumlinda. Bundi mdogo wa Pemba, naye wa kisiwa hicho pekee, husikika usiku, hivyo anayetembea mchana humkosa.