Kamba ya Pili: Historia ya Usalama wa Kazi za Juu Zinazofanywa kwa Kamba, 1931–2005

Fundi anapoanguka kutoka ghorofani, mazungumzo ya Waswahili mara nyingi huishia kwenye methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo huwafariji wafiwa. Hata hivyo, mtafiti wa historia ya kazi hana budi kuihoji, kwa sababu ikichukuliwa kuwa maelezo ya chanzo cha kifo, humwondolea mwajiri swali ambalo alipaswa kulijibu. Insha hii inachunguza historia ya kazi za juu zinazofanywa kwa kamba, kuanzia ujenzi wa Bwawa la Hoover nchini Marekani hadi kanuni za Uingereza za mwaka 2005. Hoja yake kuu ni kwamba usalama wa kazi hiyo haukuletwa na ushujaa wa wafanyakazi wala na ubora wa kamba peke yake. Uliletwa na kukubali kwamba kamba yoyote inaweza kukatika na mtu yeyote anaweza kukosea.

Ujenzi wa Bwawa la Hoover ulianza mwaka 1931 katika korongo la Black Canyon, kwenye mto Colorado, wakati Mdororo Mkuu wa Uchumi ulipokuwa umewaacha Wamarekani wengi bila ajira. Kabla ya zege kumwagwa, kuta za korongo zilipaswa kuondolewa mawe yaliyolegea. Kazi hiyo walipewa vibarua walioteremshwa kwa kamba kutoka ukingoni, wakiwa wamekalia viti vya ubao. Wakining'inia hivyo, walitoboa mwamba kwa mashine zenye uzito wa takribani kilo 20 na kupachika baruti. Miongoni mwao walikuwamo mabaharia wa zamani, wanasarakasi na wenyeji asilia wa Marekani. Hatari kubwa ilikuwa mawe na vifaa vilivyoanguka kutoka juu. Baadhi ya vibarua walichovya kofia zao za kitambaa katika lami, wakaziacha zikauke na kuwa ngumu. Walioangukiwa na mawe wakiwa wamezivaa walivunjika taya, lakini mafuvu yao yalisalimika. Baadaye kampuni za ujenzi ziliagiza kofia ngumu kwa ajili ya wafanyakazi. Kinga hiyo, kwa hiyo, ilibuniwa kwanza na waliokuwa hatarini. Idadi rasmi ya waliokufa katika mradi mzima kwa ajali za kazini ni 96.

Tukio moja la mradi huo linahitaji kuchambuliwa. Mhandisi Burl Rutledge aliteleza kutoka ukingo wa korongo. Kibarua Oliver Cowan, aliyekuwa akining'inia mita saba hivi chini yake, alijirusha kwa kamba yake na kumdaka mguu. Mwenzake, Arnold Parks, akaja kumbana mhandisi huyo ukutani hadi kamba ilipoteremshwa. Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya ushujaa, na kwa haki. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, kinafichua pia upungufu: uhai wa mtu ulitegemea nani alikuwa karibu na alikuwa na wepesi kiasi gani.

Maarifa yaliyokuja kubadili hali hiyo hayakutoka katika ujenzi. Mwaka huohuo wa 1931, mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, alitangaza fundo linaloteleza juu ya kamba lisipobeba uzito na kuishika linapovutwa. Nailoni ilipatikana maabara mwaka 1935. Mwaka 1953 kampuni ya Edelrid ya Ujerumani ilitoa kamba yenye kiini cha nyuzi kilichozungukwa na ala iliyosukwa. Mwaka 1958 kifaa cha Jumar, chenye jina lililotokana na majina ya Waswisi wawili, Jüsy na Marti, kilifanya kwa chuma kazi iliyokuwa ikifanywa na fundo la Prusik. Wachunguzi wa mapango waliviendeleza vifaa vya namna hii hadi wakaweza kushuka na kupanda mashimo marefu kwa kamba moja.

Viwanda vilipoazima mbinu hizo, havikuweza kuzichukua zilivyo. Mchunguzi wa pango hupita kwenye kamba kisha akaendelea na safari. Fundi hukaa hapo kwa saa nyingi, akiwa na zana za kukata na kuchomelea, karibu na kingo kali za chuma au zege. Kitu kinachomtafutia riziki ndicho kinachoweza kukata kamba yake. Hapo ndipo kamba ya pili ilipopata maana. Kamba ya kazi humbeba; kamba ya usalama hufungwa mahali pengine, na kifaa kilichopo juu yake humfuata fundi na kuishika kamba anapoanguka. Chama cha IRATA, kilichoundwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 katika mazingira ya mitambo ya mafuta ya baharini, kilijenga mafunzo yake juu ya msingi huo, kikiwa na ngazi tatu za ufundi.

Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2001/45/EC na Kanuni za Kazi za Juu za Uingereza za mwaka 2005 ziliupa msingi huo nguvu ya sheria. Zilitaka kamba mbili zilizofungwa mbalimbali, zana zifungwe ili zisianguke, na kazi ipangwe na kusimamiwa kwa namna itakayowezesha mfanyakazi kuokolewa mara moja. Kile ambacho Cowan alikitenda kwa wepesi wa mwili wake sasa kilikuwa wajibu wa kupangwa kabla ya kazi kuanza.

Yapo mambo mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, sheria hizo haziifanyi kamba kuwa chaguo la kwanza: hutumika pale tu tathmini inapoonyesha kwamba kazi itafanyika kwa usalama na kwamba hakuna sababu ya kutosha ya kutumia kifaa kilicho salama zaidi. Zinaruhusu pia kamba moja iwapo ya pili ingeongeza hatari. Pili, kamba ya pili ina gharama ya fedha na muda, na palipo na vibarua wengi wanaongoja kazi nje ya lango, gharama hiyo huwa rahisi kukwepwa. Bwawa la Hoover linalithibitisha hilo: ukosefu wa ajira uliwafanya watu wakubali hatari ambayo wangeikataa.

Kwa muhtasari, historia hii inaonyesha uhamisho wa dhamana kutoka kwenye mikono ya kibarua kwenda kwenye mpango wa mwajiri. Inapendekezwa kwamba uchunguzi wa ajali za anguko usiishie kwenye uzembe au bahati mbaya ya marehemu. Swali la msingi liwe hili: kamba iliyombeba ilipokatika, nini kingine kilikuwa kimewekwa kumshika, na nani aliyewajibika kukiweka?