Nani Aingie Mkutanoni? Mitandao ya Wapinga Ubepari, 1994–2007

Historia ya mapambano dhidi ya ubepari huandikwa aghalabu kwa majina ya vyama na viongozi wao. Makala haya yanachunguza mapambano yasiyokuwa na chama wala mwenyekiti, yaani yale ya mitandao ya watu wa kawaida ambayo, mwishoni mwa karne ya 20, iliiandama mikutano ya wakubwa wa dunia. Hoja ya msingi ni kwamba mitandao hiyo haikushughulikia sera za biashara peke yake. Iliuliza swali linalotangulia sera zote: ni nani anayeruhusiwa kuingia mahali ambapo maisha ya umma yanaamuliwa? Swali hilo hatimaye liliigeukia mitandao yenyewe, na liliigeukia mjini Nairobi.

Chimbuko la karibu ni uasi wa Wazapatista katika jimbo la Chiapas, kusini mwa Meksiko. Uasi huo ulianza tarehe 1 Januari 1994, siku ambayo mkataba wa biashara huria baina ya Meksiko, Marekani na Kanada ulianza kutumika. Kifungu cha katiba kilicholinda ardhi ya jumuiya za wakulima kilikuwa kimekwisha kubadilishwa mwaka 1992. Mwaka 1996 Wazapatista waliwaalika wapinzani wa ubepari kutoka nchi nyingi. Mkutano wa pili ulifanyika Hispania mwaka 1997. Kutokana na mikutano hiyo, mnamo Februari 1998, ulizinduliwa mjini Geneva mtandao wa Peoples' Global Action, ambao jina lake laweza kufasiriwa kuwa Harakati za Watu Duniani. Miongoni mwa waliouanzisha walikuwa wakulima wa Karnataka, India, na wanyonge wasio na ardhi wa Brazili. Mtandao huo haukuwa na wanachama walioandikishwa, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuusemea.

Nguvu ya mpango wa namna hiyo ilidhihirika Novemba 1999, Shirika la Biashara Duniani lilipowakutanisha mawaziri mjini Seattle, Marekani. Makumi ya maelfu ya watu waliandamana, wengi wao wakiwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Lakini waliozifunga njia za kuingilia ukumbini asubuhi ya tarehe 30 walikuwa wachache zaidi, nao walijipanga katika vikundi vidogo vya watu waliojuana na kuaminiana. Eneo lililouzunguka ukumbi liligawanywa katika vipande 13, na kila kipande kikakabidhiwa vikundi kadhaa. Kila kikundi kilimtuma mjumbe barazani. Kazi yake ilikuwa kufikisha neno la wenzake, si kuwaamulia. Kwa sababu hiyo polisi hawakuwa na kiongozi ambaye kumkamata kungesimamisha kazi. Sherehe ya ufunguzi ilivunjwa. Meya alitangaza hali ya hatari, gesi ya kutoa machozi ikatumiwa, na watu wapatao 600 wakatiwa mbaroni. Magazeti mengi, hata hivyo, yaliyakuza zaidi madirisha ya maduka yaliyovunjwa na watu wachache.

Yaliyotokea ndani ya ukumbi hayakuwa na uzito mdogo. Mataifa machache yalishauriana faraghani katika kikao kilichojulikana kama "chumba cha kijani", ilhali mawaziri wengi wa Afrika waliwekwa kando. Mawaziri hao walitoa tamko la kukataa kuunga mkono mapatano ambayo hawakushirikishwa kuyatunga. Tarehe 3 Desemba mkutano ulimalizika bila ya mapatano. Basi ni kosa kudai kwamba waandamanaji peke yao waliushinda mkutano, na ni kosa vilevile kudai kwamba hawakuchangia lolote. Waliofungiwa nje na waliofungiwa ndani walikuwa na lalamiko moja.

Wakubwa nao walijifunza. Mjini Genoa, Italia, tarehe 20 Julai 2001, kijana Carlo Giuliani aliuawa kwa risasi ya askari katika maandamano dhidi ya mkutano wa mataifa manane. Baadaye mwaka huo mawaziri wa biashara walikutana Doha, ambako maandamano makubwa hayakuwezekana. Mwaka 2002 viongozi wa mataifa manane walikwenda Kananaskis, katika milima ya Kanada.

Wapinzani, kwa upande wao, walikuwa wameanzisha mkutano wao wenyewe, Jukwaa la Jamii la Dunia, huko Porto Alegre, Brazili, mwaka 2001. Januari 2007 jukwaa hilo lilifanyika Kasarani, Nairobi. Kiingilio kwa Mkenya kilikuwa shilingi 500, kiasi kilichozidi ujira wa kutwa wa kibarua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kasarani mgeni alifika, lakini mwenyeji aliachwa langoni. Wakazi wa mitaa ya mabanda waliandamana hadi wakaruhusiwa kuingia bila malipo. Wakati huohuo Bunge la Mwananchi lilifanya mkutano wake katika bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji, ambako hapakuwa na kiingilio.

Tukio hilo halibatilishi yaliyotendwa Seattle. Lililodhihirika ni kwamba kumkosa mwenyekiti si kuyakosa mamlaka. Mamlaka huhamia kwa mwenye nauli, kwa ajuaye lugha ya kikao, na kwa yule anayeuza tikiti. Waliosukuma lango la Kasarani waliwauliza wapinzani wa ubepari swali lilelile ambalo wapinzani hao walikuwa wamewauliza wakubwa.