Kanisa la Mkunazini na miaka 24 inayorukwa

Kila msimu wa Pasaka na wa likizo za shule, boti zinazovuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja hubeba kwaya, vikundi vya akina mama, wanavikoba na wanafunzi waliochangishana nauli kwa muda mrefu. Katika ratiba zao hakikosekani kituo kimoja: Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Hapo huoneshwa duara la marumaru mbele ya altare, panaposemwa kuwa paliota mti wa kuchapia watumwa. Huteremshwa katika vyumba vya chini ya jengo la jirani, kisha husimama mbele ya sanamu za Clara Sörnäs, za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo. Na mara nyingi huondoka wakiamini kwamba hapa ndipo utumwa ulipokomeshwa. Imani hiyo si sahihi, na inawanyang'anya wageni sehemu kubwa ya historia waliyoifuata ng'ambo ya bahari.

Mkataba ambao Sultani Barghash bin Said aliutia saini tarehe 5 Juni 1873, akiwa ametishiwa kuzingirwa na manowari za Uingereza, ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na ukafunga masoko ya hadhara. Umiliki wa watumwa haukuguswa. Aliyeamka mtumwa shambani siku ile alilala mtumwa. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka uleule, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877 ujenzi ukiwa bado unaendelea. Miaka yote hiyo karafuu za Unguja na Pemba ziliendelea kuchumwa na watumwa. Tena haja ya watumwa ilizidi. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuisaza ya Pemba, na wenye mashamba wa Pemba wakataka wafanyakazi zaidi wakati uleule bahari ilipofungwa. Wafanyabiashara wakahamishia misafara nchi kavu, wakiwaswaga watu kando ya pwani kuelekea kaskazini, hata Barghash akalazimika kuipiga marufuku njia hiyo nayo mwaka 1876. Amri ya kuufuta utumwa kisheria visiwani ilitolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed Aprili 1897, miaka 24 baada ya soko kufungwa. Hata hiyo ilikuwa na masharti mazito: mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru na aoneshe ana makazi na riziki, huku bwana wake akilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri mpaka 1909. Tanganyika ilingoja hadi 1922.

Miaka hiyo ikirukwa, wanaofutika ni watu. Simulizi hubaki na askofu Edward Steere, msomi wa Kiswahili aliyesimamia ujenzi na kuzikwa nyuma ya altare, na David Livingstone, ambaye msalaba wa kanisani humo ulichongwa kwa mti wa Chitambo, kijiji ulikozikwa moyo wake. Wote wawili wanastahili kutajwa. Lakini mafundi na vibarua, wakiwemo watu waliokombolewa utumwani, hutajwa hasa katika kisa kimoja: kwamba Steere alipokuwa safarini walisimamisha baadhi ya nguzo kichwa chini. Mikono ileile ilijenga dari zito la matumbawe na saruji ambalo wengi hawakuamini lingesimama, na linasimama hadi leo. Inauma kwamba wajenzi hao wakumbukwe kwa kosa tu. Kutoka jamii hiyo ya waliokombolewa walitoka John Swedi, aliyepewa ushemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa, mtoto aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa katika shule ya misheni ya Kiungani na kufanywa padre mwaka 1890, ilhali mashambani maelfu walikuwa bado ni mali ya mtu.

Wapo watakaosema kwamba ziara ya kikundi ni ya kusali na kupumzika, si darasa. Sawa, lakini historia husimuliwa hapo vyovyote vile. Kuisimulia kwa usahihi hakuongezi dakika nyingi. Pingamizi zito zaidi linahusu vile vyumba vya chini. Jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari miaka ya 1890 kuwa hospitali, soko likiwa limeshafungwa karibu miongo miwili, na kwa sababu hiyo wanahistoria wamehoji kama watumwa waliwahi kufungiwa humo. Wengine wanahofu kwamba kulisema hilo hadharani kutawapa nguvu wanaotaka kupunguza uzito wa utumwa. Mimi naona kinyume chake. Biashara ile ina ushahidi tele: mikataba, barua za mabalozi, kumbukumbu za misheni, masimulizi ya waliokombolewa wenyewe. Ushahidi wa namna hiyo hauhitaji kuegemezwa kwenye chumba chenye shaka, na anayekanusha utumwa hupata nafasi pale anapogundua kwamba mwongoza wageni alitia chumvi.

Pingamizi la mwisho husemwa kwa sauti ya chini: kwamba habari hizi zinawachonganisha Wakristo na Waislamu. Zinachonganisha zikisimuliwa nusu, kana kwamba dini moja iliuza na nyingine ikaokoa. Sehemu ya kiwanja cha kanisa ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindi. Misafara ya bara iliendeshwa na Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi kwa mikopo ya matajiri wa Kihindi. Pembe za ndovu zilizobebwa na misafara hiyo zilinunuliwa Ulaya na Marekani. Wafaransa walichukua watumwa wa pwani hii kwa mashamba ya visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Na Uingereza, iliyolazimisha mkataba wa 1873, iliitawala Zanzibar kama nchi lindwa tangu 1890, ikauacha utumwa uendelee kwa miaka saba zaidi ili mashamba ya karafuu yasitikisike.

Kwa hiyo ratiba za vikundi ziongezwe kituo cha pili. Mbweni, kusini kidogo ya mji, ndiko misheni hiyohiyo ya Kianglikana ilikonunua shamba mwaka 1871 na kuwapa makazi waliokombolewa. Kanisa lao la Mtakatifu Yohana lingali linasaliwa, na magofu ya shule ya wasichana yapo karibu nalo. Kikundi kilichomaliza Mkunazini asubuhi kinaweza kufika huko kabla ya adhuhuri na kurudi kuwahi boti ya jioni.