Casio na ngoma nne: Rock ya uswahilini iliyosubiri albamu miaka 20

Malipo ya korosho yakishaingia, Naliendele hailali mapema. Katika kata hii ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, inayojulikana nchi nzima kwa kituo chake cha utafiti wa korosho, sherehe za kumcheza mwali au kuwatoa vijana jandoni huanza na ngoma za wazee. Giza likiingia, zamu huwa ya spika, na kinachopigwa ni singeli, mapigo 200 kwa dakika na kuendelea. Ukiwauliza vijana, watakwambia huo ni muziki wa kompyuta uliozaliwa juzi tu huko Manzese na Tandale, Dar es Salaam. Ni kweli, ila nusu tu.

Nusu ya pili inaanzia Japani. Mwaka 1980 kampuni ya Casio ya Tokyo, ambayo watu waliijua kwa vikokotoo na saa za mkononi, ilitoa kinanda chake cha kwanza cha umeme, Casiotone 201. Vikafuata vidogo zaidi, vilivyokusudiwa watoto na watu wanaojifunzia nyumbani. SK-1 ya mwaka 1986, kwa mfano, ina vitufe vyembamba 32, spika yake mwenyewe, na inakula betri ndogo tano. Hakuna mwanamuziki wa maana ambaye angepanda nacho jukwaani. Ndivyo walivyodhani waliokitengeneza.

Kwa Tanzania ya wakati ule, kitu cha bei nafuu kama hicho kilikuwa mkombozi. Muziki wa dansi ulikuwa na wenyewe: vyombo vilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Jeshi, polisi na mashirika ya umma nayo yalikuwa na bendi zao. Kijana wa Mwananyamala asiye na mdhamini angelipata wapi gitaa la umeme na amplifaya? Kisha masharti ya kuingiza bidhaa yakaanza kulegezwa mwaka 1984, na Mzee Ruksa alipoingia Ikulu mwaka uliofuata, madukani na barabarani kukajaa vitu vya nje. Vinanda vya Casio vilikuwemo. Na betri? Za National zilikuwa zikitengenezwa hapohapo Dar es Salaam, katika kiwanda cha Matsushita, kampuni nyingine ya Kijapani.

Vijana wa uswahilini walichukua midundo ya ngoma za Wazaramo, hasa chakacha, wakaiwekea kinanda hicho juu. Ndipo ukapatikana mchiriku, ambao wengine huuita mnanda. Kundi lilihitaji ngoma nne hivi, Casio moja, mwimbaji, na mfumo wa sauti uliounganishwa kwa amplifaya kuukuu na honi za tarumbeta kama zile za mikutano ya hadhara. Kinanda kilipigwa kipande kifupi, kikarudiwa, kikarudiwa tena, na sauti ikipita kwenye honi ile ilitoka imepasuka na yenye makwaruzo. Fundi wa studio angeita hitilafu. Wao waliitaka hivyohivyo, kwa sababu sauti iliyopasuka ndiyo inayofika mtaa wa tatu.

Hapa inafaa kutazama Jamaika kidogo. Kinanda cha MT-40 cha mwaka 1981 kilikuwa na mdundo uliowekwa tayari kiwandani chini ya jina la rock, uliotungwa na Okuda Hiroko, binti aliyekuwa ametoka tu chuo cha muziki. Mwaka 1985 Wayne Smith na prodyuza King Jammy waliuchukua mdundo huo wakautolea wimbo, na reggae ikaingia zama za kompyuta. Wajamaika waliichukua ngoma iliyokuwa ndani ya mashine. Wa Dar hawakuihitaji; ngoma walikuwa nazo, na wapigaji wake hawachoki hadi alfajiri. Walichokitaka kwa Mjapani ni ile sauti nyembamba, kali, inayopenya. Nadhani hilo ndilo lililoupa mchiriku nguvu ambayo muziki mwingi wa vinanda hauna: mashine inabaki palepale, mikono ya watu ndiyo inayoikimbiza.

Wakubwa hawakufurahi. Mchiriku ulihesabiwa kuwa uhuni, muziki wa mikesha, wavuta bangi na ugomvi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikichuja mashairi, na hata redio binafsi zilipoanza, Radio One ikiwa miongoni mwa za mwanzo mwaka 1994, nafasi kubwa ya vijana ilikwenda kwa bongo fleva. Mchiriku ulibaki na kaseti. Kaseti hizo zilipigwa kwenye daladala na vibanda vya chipsi, na zilisafiri na wauza bidhaa ndogondogo, ambao wengi wao walikuwa watoto wa kusini. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kuvuka Rufiji kwa gari kulikuwa safari ya kuaga, na msimu wa mvua njia ilifungwa kabisa. Mtwara ilipata vitu vya Dar kwa kuchelewa, muziki ukiwemo.

Jagwa Music ni kundi la wakati huo. Lilianzishwa 1992 Mwananyamala, na kwa miaka mingi lilikuwa likipiga kwenye harusi na mikesha ya mitaa kama makundi mengine. Sauti yake kuu ilikuja kuwa Jackie Kazimoto, mwimbaji anayetema maneno kama kondakta wa daladala anayegombea abiria. Waliimba maisha yanayowazunguka: usaliti wa mapenzi, uganga, kubangaiza mjini. Albamu yao iliyosambazwa kimataifa, Bongo Hotheads, ilitoka mwaka 2012 kwa lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Lebo hiyo ndiyo iliyotoa Congotronics ya Konono Nº1 wa Kinshasa mwaka 2004, muziki wa likembe zilizounganishwa kwenye vipaza sauti vya kuunga wenyewe. Kwa hiyo masikio ya Wabelgiji hao yalikwisha kuzoea makwaruzo.

Ulaya walipowasikia, waliwafananisha na punk. Sioni kosa. Hakuna gitaa hata moja, lakini ni rock kwa kila kipimo ninachokijua: fujo yenye mpangilio, kelele ya makusudi, na mwimbaji asiyeomba radhi. Kwenye albamu kuna mahali fimbo zinapigwa juu ya kigoda cha mbao kwa kasi ambayo mpiga dramu wa bendi ya dansi angeomba maji. Kasoro niionayo ni usafi. Studio imeyapunguza yale makwaruzo kidogo, na aliyewahi kukesha kwenye mchiriku wa kweli ataona kuna vumbi limefutwa.

Nyumbani albamu hiyo haikupata redio. Lakini miaka ileile vitongoji vya Dar vilikuwa vimeshahamia kwenye kompyuta. Vipande vya mchiriku na taarabu vilikatwa, vikaongezwa kasi, MC akapanda juu yake kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha; ikawa singeli. Msaga Sumu akapata jina la mfalme wa singeli. Mwaka 2016 Man Fongo akaufikisha kwenye redio kubwa kwa Hainaga Ushemeji. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio ya Sisso, Mburahati, katika Sounds of Sisso, na magazeti ya Ulaya yakaandika kana kwamba muziki huo umeanguka kutoka mbinguni.

Anayetaka kujua ulikotoka asikilize Bongo Hotheads, kisha aiweke Sounds of Sisso bila kupumzika. Kipande kifupi cha kinanda kinajirudia kwa mtindo uleule wa Casio, na mwimbaji anakimbizana nacho vilevile. Kilichozidi ni kasi, na wapigaji ngoma wanne wamepoteza kazi.