Tik-tik iliyokula robo ya kaseti

Leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumze kuhusu saa. Sio saa ya mkononi, bali ile inayofanya kazi mbili zilizofanywa nyakati tofauti zikutane sawasawa. Programa yeyote anaijua shida hiyo. Wanamuziki waliorekodi nyumbani kwa kaseti waliijua pia, na walilipia.

Tuanze nyuma. Johann Maelzel alipata hataza ya metronomi mwaka 1815, ingawa mtambo wenyewe ulitokana na kazi ya Winkel wa Amsterdam. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ile tik-tik ikaingia kwenye filamu. Carl Stalling, mtunzi wa muziki wa katuni za Disney, alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Hesabu yake ni rahisi: filamu hupita picha 24 kwa sekunde, kwa hivyo tik moja kila picha 12 ni tik 120 kwa dakika.

Halafu mwaka 1979 kampuni ya TEAC ikatoa Portastudio 144. Kaseti ya kawaida, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ina traki nne: mbili za upande A na mbili za upande B. Portastudio ilizitumia zote nne kwa mwelekeo mmoja, tena kwa kasi maradufu, inchi 3¾ kwa sekunde. Sauti ikawa bora, lakini kaseti ya dakika 60 ikabaki na dakika 15 tu.

Sasa fikiria uko peke yako chumbani. Unarekodi gitaa kwanza, kisha besi, kisha ngoma. Ikiwa gitaa liliharakisha kwenye kiitikio, ngoma italifukuza mpaka mwisho. Dawa yake ilikuwa kurekodi tik-tik kwanza kwenye traki moja, kisha kuisikiliza kwa hedifoni kila unapoongeza chombo.

Utauliza, kwa nini usiweke metronomi mezani tu? Kwa sababu mota ya kaseti haizunguki sawasawa kila mara, na huwezi kuanzisha vitu viwili kwa wakati mmoja kabisa. Baada ya dakika mbili saa ya mezani na utepe vimeachana. Lakini tik iliyo ndani ya utepe huvutika pamoja na utepe. Ukipungua kasi, gitaa na tik hupungua pamoja. Hakuna ugomvi. Hapo ndipo nilipoipenda hadithi hii: saa haikuwa sahihi, ila ilikuwa moja kwa wote.

Tatizo ni gharama. Traki moja kati ya nne ni robo ya studio yako yote! Wengi walisubiri mpaka traki tatu zijae, halafu wakaifuta tik na kuimba juu yake. Hapakuwa na "undo". Ukigundua kesho kwamba besi imekosea, utairudia kwa masikio tu, saa imeshakufa. Pia tik ilivuja: kutoka hedifoni hadi maikrofoni, na kutoka traki hadi jirani yake, maana utepe wote una upana usiofika milimita 4. Ndiyo maana ilifaa kuiweka traki ya pembeni, yenye jirani mmoja, kwa sauti ya chini.

MIDI ilipofika mwaka 1983, ilituma mipigo 24 kwa kila pigo la muziki. Vikaja visanduku vilivyogeuza mipigo hiyo kuwa milio ya toni mbili, kama modemu ya simu, na kuirekodi kwenye kaseti. Mashine ya ngoma ikawa inaufuata utepe wenyewe. Traki moja bado ililiwa, lakini ngoma na kinanda havikuhitaji traki tena. Biashara nzuri!

Leo programu ya kurekodi inakupa tik bure, haichukui nafasi yoyote, na unaweza kuizima na kuiwasha upendavyo. Wao iliwabidi waamue lini waiue. Nadhani uamuzi huo uliwafanya wasikilize vizuri kabla ya kubonyeza kitufe chekundu.